Wasichana na wavulana wenye ugonjwa huu msiwaweke kapu moja

Ndugu Mhariri,

Salamu na pole na kazi. Nimesoma makala yenu kuhusu sistiki faibrosisi, ule ugonjwa wa kurithi unaofanya makohozi yawe mazito kama gundi kwenye mapafu, na kwanza nishukuru kwa sababu ni mara chache sana gazeti la Kiswahili linaugusa. Wengi wetu tumeusoma kwa lugha za watu, tena kwa kubahatisha. Mwandishi kaeleza vizuri, dawa kazieleza, lishe kaieleza, mazoezi ya kutoa makohozi kayaeleza. Lakini nimeisoma mara mbili, mara ya pili kalamu mkononi, na sikuona hata sehemu moja iliyosema kwamba mgonjwa wa kike na mgonjwa wa kiume hawapiti njia moja. Kila mahali ni mgonjwa, mgonjwa, mgonjwa, kama vile mgonjwa hana jinsia. Hapo ndo nikasema hapana, hii lazima niandike.

Mimi ni mama wa watoto wawili na wote wawili wanao. Wa kwanza ni wa kike, sasa hivi ana miaka 20, mdogo wake wa kiume ana 17. Baba mmoja, mama mmoja, jeni zilezile mbovu tulizowapa sisi wazazi bila kujua, vidonge vilevile mezani, kila mmoja na nebulaiza yake, ile mashine ya kuvutia dawa kwa mvuke, ila dawa ya ndani ni moja, na bado ukinikuta nawauguza utadhani nauguza magonjwa mawili. Najua watoto wawili sio utafiti, hilo nalijua na sitaki mtu aniambie, ndo maana hapa chini nitaweka na hesabu za watafiti waliohesabu maelfu.

Nianze na jambo moja linalowachanganya wengi. Watu wakisikia ugonjwa wa kurithi unatofautiana kati ya wanawake na wanaume wanadhani labda jeni yenyewe iko kwenye kromosomu ya jinsia. Haiko huko. Jeni inaitwa CFTR, iko kwenye kromosomu ya 7, iligunduliwa mwaka 1989 na watafiti kina Lap-Chee Tsui na Jack Riordan wa Toronto pamoja na Francis Collins wa Michigan. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Ukiwa na moja mbovu huumwi, wewe ni mbebaji tu kama mimi na mume wangu, tunatembea, tunafanya kazi, hatuna hata dalili. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne mtoto kuzaliwa nao, haijalishi ni wa kike au wa kiume. Kwahiyo kwenye kuupata wako sawasawa kabisa. Tofauti inaanza baada ya hapo, na hilo ndo linanikosesha usingizi, kwa sababu kama wanaupata sawa kwa nini hawaishi sawa?

Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichukua kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 21,000 za kati ya 1988 na 1992. Wakakuta nusu ya wanawake hawakuvuka miaka 25.3, kwa wanaume ilikuwa 28.4. Miaka mitatu hiyo. Ila kilichonishtua mimi sio hiyo mitatu, ni walipoangalia umri: kati ya mwaka 1 na miaka 20 mtoto wa kike alikuwa na uwezekano wa kufa uliozidi wa mwenzake wa kiume kwa asilimia 60. Wakajaribu kutafuta sababu, wakaangalia uzito, nguvu za mapafu, vijidudu vilivyomo kifuani, umri ambao mtoto aligundulika, hata kongosho kama inafanya kazi au haifanyi. Hakuna kilichotosha kuelezea. Mwaka 2014 wakaja wengine na kumbukumbu za watu zaidi ya 32,000, matibabu yameshaboreka, umri umepanda kwa wote, lakini wanawake 36.0 wanaume 38.7. Wamepanda wote lakini pengo bado lipo.

Nisiwe mtu wa upande mmoja, kuna vituo maalumu vilivyoangalia watoto wao na havikuona tofauti yoyote ya maana. Mimi hiyo inanipa moyo kuliko kitu kingine chochote. Maana yake pengo hili sio amri, kuna mahali linafungika.

Sasa sababu. Ukiwauliza watu haraka haraka watakwambia homoni, na homoni kweli zimo. Watafiti wa Dublin kule Ayalandi walitoa kazi mwaka 2012 wakionyesha kwamba estrojeni inamsaidia yule bakteria anayeitwa sudomonasi kubadilika. Huyu bakteria ndo adui mkubwa wa watoto wetu. Anapoingia mara ya kwanza bado unaweza kumfukuza kwa antibayotiki, lakini akikaa anajifunika kwa ute wake mwenyewe, anajijengea kama blanketi, na akishafika hatua hiyo kumtoa ni kazi ngumu sana, anaweza kukaa na mtu maisha yote. Estrojeni inamharakisha kushona hilo blanketi. Wakaangalia na siku za mwezi, wakakuta wanawake walikuwa wanazidiwa kifua zaidi katika ile nusu ya kwanza ya mzunguko kabla yai halijatoka, wakati estrojeni inapanda, na waliokuwa wanatumia vidonge vya uzazi wa mpango walihitaji antibayotiki kidogo kuliko wenzao. Sisemi watu wakimbilie vidonge, hilo ni la daktari na mgonjwa wake, nasema tu hizo ni taarifa ambazo mama wa msichana anatakiwa kuzijua na mimi nilizijua binti ana miaka 17.

Tulipozijua tukaanza daftari. Kila siku anaandika mstari mmoja: makohozi rangi gani, amelala au hakulala, na siku ya ngapi ya mzunguko. Baada ya miezi saba nikakaa nalo usiku nikapiga mstari kwa kalamu nyekundu kila alipozidiwa. Mistari mingi ilikuwa imekaa sehemu ileile. Nikabeba daftari kliniki, daktari wa kwanza akaliangalia kama sekunde tano akanirudishia, akasema mama haya mambo ya hedhi mpeleke kwa wa wanawake. Yule wa wanawake naye tukamfuata, akasema kifua sio kazi yake. Mtoto ni mmoja, mwili mmoja, lakini wamemgawana nusu kwa nusu na hakuna aliyechukua katikati.

Lakini homoni haziwezi kubeba lawama yote, na hapa naomba wasomaji wanisikilize vizuri. Ule utafiti wa 1997 ulianza kuona tofauti kuanzia mwaka mmoja. Mtoto wa miaka minne ana estrojeni gani? Kuna vitu vingine, na baadhi yake nimeviona kwa macho yangu ndani ya nyumba yangu, vingine nimevifanya mimi mwenyewe.

Cha kwanza ni kuchelewa kugunduliwa. Kuna watafiti wa Marekani walishaonyesha kwamba wasichana wanachelewa kugunduliwa kuliko wavulana, hasa wale ambao dalili zao ni za kifua peke yake. Binti yangu alikohoa tangu ana miezi michache, tukaambiwa pumu, tukaambiwa aleji, tukaambiwa vumbi, mimi nikafua mapazia mpaka yakachanika. Nilipokuwa nambusu kwenye paji la uso nilikuwa naonja chumvi, nikadhani ni jasho la joto. Kumbe hiyo ndo alama ya zamani kabisa ya ugonjwa huu, hata huko Ulaya zamani walikuwa wanasema mtoto anayeonjeka chumvi akibusiwa hatakaa sana duniani. Ile milango midogo ya kwenye seli inayotengenezwa na CFTR ndo inapitisha kloraidi, ambayo ni sehemu ya chumvi, ikiharibika chumvi inabaki kwenye jasho na maji hayaendi kwenye makohozi, ndo maana kifua kinakauka na ngozi inakuwa ya chumvi, ni kitu kimoja kwa sehemu mbili. Kipimo chake ni cha jasho tu, hakiumi, wanakusanya jasho la mkono wanapima kloraidi, ikifika 60 na kuendelea kwa kipimo chao cha milimoli kwa lita basi jibu ni hilo. Binti alipimwa akiwa na miaka mitatu, na sio kwa sababu kuna mtu alimfikiria yeye. Alipimwa kwa sababu mdogo wake alizaliwa utumbo umeziba, akafanyiwa upasuaji akiwa na siku mbili, madaktari wakashtuka wakasema hebu tuwapime wote. Kwahiyo mdogo kagunduliwa ana wiki tatu, dada mtu miaka mitatu. Hapo siwezi kusema ni kwa sababu ya jinsia, ni ule utumbo ndo ulipiga kengele. Lakini ile miaka mitatu hairudi, na mapafu yaliyopata kovu hayarudi.

Cha pili ni aibu ya kukohoa. Hiki nakiandika kwa uchungu. Mwanangu wa kiume akibanwa anakohoa mpaka mwisho, anatema, anajifuta, anaendelea na mpira. Hakuna aliyewahi kumwambia kitu. Dada yake tangu ana miaka tisa kumi amejifunza kukohoa kwa ndani, mdomo umefungwa, anameza. Alikuwa anameza makohozi yote. Nani alimfundisha? Mimi. Mimi nilimwambia mtoto wa kike hatemi temi mbele za watu, nilimwambia ukikohoa hivyo watu watakuogopa, na nilidhani namfundisha adabu. Makohozi ya ugonjwa huu yakibaki kifuani ni chakula cha bakteria, kila usilolitoa leo linakuwa nyumba ya sudomonasi kesho. Na tena akimeza kliniki hawapati sampuli ya kupima, wanaandika hana makohozi, wanadhani yuko vizuri. Kwenye faili lake kuna miaka miwili mizima imeandikwa hivyo.

Cha tatu kinahusu mkojo, na najua gazeti ni la familia lakini naomba msikiondoe. Kukohoa kila siku kwa miaka kunachosha ile misuli ya chini ya nyonga inayoshika mkojo, na wasichana na wanawake wenye ugonjwa huu wengi sana wanavujwa na mkojo wakikohoa, wakicheka, wakiruka. Sio wazee, hata wasichana wadogo. Binti yangu alianza akiwa darasani na hakuniambia. Alichofanya akaacha mazoezi ya kuruka, akaacha kukohoa kwa nguvu, na kibaya zaidi akaanza kupuliza kidogo kidogo kwenye spairomita. Kile kipimo wanakutaka uvute hewa yote halafu upulize kwa nguvu zako zote, wanasoma hewa uliyotoa kwenye sekunde ya kwanza. Yeye akawa anajibana asije akajikojolea mbele ya fundi wa maabara, namba ikawa inashuka, madaktari wakaona mapafu yanakwenda chini wakaongeza dawa, wakamlaza, wakamchoma sindano wiki mbili. Miezi kumi na moja tulipigana na namba ambayo nusu yake ilikuwa ni mtoto anabana mapaja.

Aliyegundua ni mtaalamu mmoja wa fiziotherapia, mama mtu mzima, alimtoa kila mtu chumbani hata mimi, akamuuliza swali moja tu, ukikohoa unavujwa? Binti akalia. Alikuwa anatibiwa kliniki miaka 12 na lilikuwa ni swali la sekunde tatu ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. Akafundishwa kubana ile misuli kabla ya kukohoa, akafundishwa kukaa vizuri, ndani ya miezi michache akawa anapuliza kama zamani. Sijui nimshukuruje yule mama.

Halafu kuna suala la wembamba. Kongosho ya watoto hawa wengi haitoi vimeng'enya vya kusaga chakula kwahiyo kila wanapokula lazima wameze vidonge vyake, bila hivyo mafuta yanapita tu mpaka chooni. Uzito kwenye ugonjwa huu sio urembo, ni mapafu. Anayeshiba vizuri kifua chake kinadumu, ndo maana madaktari wanataka ile hesabu ya uzito kwa urefu ifike angalau 22 kwa mwanamke mzima na 23 kwa mwanaume. Kijana wangu akikonda kila mtu anapiga kelele, bibi yake analeta maziwa, wajomba wanamuuliza unaumwa? Dada yake akikonda anasifiwa. Wanamwambia una umbo zuri, wanamwambia usije ukanenepa, na mtoto wa miaka 15 ukimwambia hivyo anafanya nini? Alikuwa anaficha vidonge vya vimeng'enya kwenye soksi. Alikuwa ameshaelewa kwamba asipovimeza anaweza kula akabaki mwembamba. Nilivikuta 40 na kitu siku ya kufua. Nikakaa chini pale pale.

Sasa nije kwenye kisukari, kwa sababu hiki ndo kitu kinachofanya niamini kuandika barua hii kuna faida. Ugonjwa huu ukiendelea unaharibu kongosho mpaka insulini inapungua, kisukari cha namna yake, sio kile cha kawaida tunachokijua. Mwaka 2005 kituo cha Minnesota kule Marekani kilitoa hesabu zake za muda mrefu. Wanaume wenye kisukari hicho nusu yao walifika miaka 47 na zaidi kidogo, karibu sawa na wasiokuwa nacho. Wanawake wenye kisukari hichohicho, 30.7. Nilipoisoma hiyo namba mara ya kwanza binti yangu alikuwa ana 14 na nilifunga kompyuta nikaenda kusimama nje. Miaka kumi na sita ya tofauti, ugonjwa uleule, kituo kilekile.

Lakini hawakuishia kuhuzunika. Kituo hicho kilikuwa kinapima sukari ya kila mgonjwa kila mwaka hata kama hana dalili, na kikawa kinaanza insulini mapema kabla mtu hajakonda. Mwaka 2009 wakatoa hesabu mpya: vifo vya wenye kisukari vimeshuka sana na ile tofauti ya wanawake na wanaume haipo tena. Imefutika. Pengo la miaka kumi na sita ambalo mtu angeweza kusema ni maumbile ya mwanamke, ni homoni, ni Mungu kapanga, lilifungwa kwa kipimo cha kinywaji cha sukari mara moja kwa mwaka na insulini iliyoanzwa mapema. Na lilionekana kwa sababu mtu mmoja aliamua kuwahesabu wanawake peke yao na wanaume peke yao. Wangewaweka kapu moja wangepata wastani mzuri tu na wale mabinti wangeendelea kufa. Sasa hivi miongozo inataka kila mgonjwa apimwe kile kipimo cha kunywa sukari kila mwaka kuanzia miaka 10. Wazazi mnaosoma hapa, ulizeni kimefanyika lini mara ya mwisho, na kama ni binti ulizeni mara mbili.

Na wavulana nao wana yao, nisionekane namtetea mmoja. Wanaume zaidi ya 95 katika kila 100 wenye ugonjwa huu wanazaliwa bila ile mirija inayotoa mbegu kwenye korodani kwenda nje. Mbegu zinatengenezwa vizuri, homoni ziko sawa, uanaume uko kamili kabisa, ila njia haipo. Wanaotaka watoto mbegu zinaweza kutolewa kwa sindano zikaunganishwa na yai maabara, na wengi wameitwa baba kwa njia hiyo. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa aambiwe. Mwanangu aliambiwa akiwa na miaka 16 na daktari kijana aliyekuwa anajaza fomu, bila hata kuinua uso, wewe si huwezi kuzaa eeh? akaweka tiki. Kijana hakusema neno mpaka nyumbani, hakusema neno siku mbili, siku ya tatu akaniuliza mama, kwani mimi ni nani sasa? Mimi nilikuwa najua tangu yuko mdogo na nilikuwa nasubiri wakati mzuri. Hakuna wakati mzuri. Waambieni mapema, kidogo kidogo, kwa maneno yanayomfaa umri wake.

Dada yake yeye alipewa uongo wa upande wa pili. Aliambiwa na watu, na muuguzi mmoja naye akaunga mkono, kwamba wenye ugonjwa huu hawazai, kwahiyo akajua haina haja ya kujikinga. Wanawake wenye ugonjwa huu wanazaa. Ute wa kwenye mlango wa kizazi unakuwa mzito na unaweza kuchelewesha mimba, lakini mayai yapo, kizazi kipo, mirija ipo. Na tangu zije hizi dawa mpya zinazorekebisha ile milango ya CFTR yenyewe, kuanzia ivakafta mwaka 2012 na ile ya mchanganyiko wa dawa tatu iliyopitishwa Marekani Oktoba 2019, ute unalainika kila mahali sio kifuani tu, na mimba Marekani zimeongezeka sana, nyingine watu hawakuzitarajia kabisa. Ni habari njema kwa anayetaka mtoto. Kwa asiyeambiwa ni kitu kingine. (Dawa hizo zinategemea aina ya hitilafu ya jeni, na watu wengi wenye asili ya Afrika na Asia hitilafu zao sio zile zilizolengwa zaidi, hilo nalo linahitaji barua yake.)

Ndugu Mhariri, nimeandika kirefu, nisamehe. Ninachoomba ni vitu vichache. Mkiandika tena kuhusu ugonjwa huu na mkapata takwimu, muulizeni aliyewapa: wanawake ni wangapi, wanaume ni wangapi, kila upande unaendaje. Akisema hajatenganisha, andikeni hivyohivyo kwamba hajatenganisha. Na mtafuteni mtaalamu wa fiziotherapia mumhoji, sio daktari bingwa peke yake, maana wale ndo wanaokaa na mtoto nusu saa mkono ukiwa mgongoni na wanaambiwa mambo ambayo hayafiki kwenye faili.

Kwa madaktari wanaosoma gazeti hili naomba mumuulize msichana akiwa peke yake. Anameza makohozi? Anavujwa? Anameza vimeng'enya vyote? Kifua kinamchafuka siku gani za mwezi? Najua foleni ni ndefu na muda ni mdogo. Sisi ilituchukua miezi kumi na moja na sindano za wiki mbili kwa sababu ya swali moja.

Binti yangu ameisoma barua hii kabla sijaituma kwa sababu mambo ni yake. Nilitaka kufuta ile sehemu ya mkojo, yeye akasema iache. Daftari bado anaandika, liko la tatu sasa, na kliniki ijayo anakwenda nalo mwenyewe, mimi ameniambia nibaki kwenye benchi.

Wenu,
Mama wa wawili
(jina langu mnalo, naomba lisichapishwe)